Sanduku la Patron Deo

Mwanangu Nsimire,

Salamu sikupi. Tuko nyumba moja, kati yetu ni ukuta tu, na nakusikia unavyopanga nguo na kuzipangua. Nakuandikia kwa sababu nikikuambia kwa mdomo nitatia mzaha, wewe utacheka, mama yako atatoka jikoni na mwiko mkononi, na neno lenyewe litatukimbia kama kuku. Karatasi haicheki. Tena mama yako amenikataza kusema. "Usiharibie mutoto safari," ameniambia. "Kama uko na sumu, meza weye mwenyewe." Nimejaribu kumeza. Haishuki.

Sherehe yako ya leo ya kukuaga imenitia kichefuchefu.

Si wewe. Wewe ulikaa kwenye kile kiti cha plastiki kama bibi arusi aliyeletewa bwana asiyemjua, ukasema merci kwa kila mtu. Nazungumzia batu. Pasta alisali mpaka mafuta ya mbuzi yakaganda kwenye sahani. Aliombea ndege, akaombea rubani, akaombea mpaka matairi, na kwa jina lako akakosea, akakuita Nsimba. Shangazi zako kila mmoja alikuja na agizo lake: huyu simu, yule viatu, yule wa Gashonga anataka meshi za nywele, kana kwamba unavuka tu daraja la mpaka kwenda sokoni Kadutu na utarudi saa kumi. Na Maman Shukuru, jirani yetu, alikuuliza jina la chuo. Ukamwambia vizuri kabisa, kwa Kijerumani: Hokhshule. Akawageukia wenzake: "Kumbe ni shule tu! Miye nilizani ni universite." Mwanamke huyo mwanawe amemaliza universite, na kila jioni analala kwenye kochi langu akingojea kazi imfuate hapo hapo alipolala.

Hayo nilivumilia. Muntu aliyezeeka bandarini, kati ya dagaa za sambaza zilizooza na mafuta ya mazutu, pua yake imejifunza subira.

Halafu Patron Deo, mwenye maboti, akasimama.

Uliona mwenyewe, lakini nataka uone kwa macho yangu. Alijifuta jasho, akaenda kwenye jeep yake, akatoa lile sanduku jekundu lenye magurudumu, akalifungua mbele ya batu bote kama mganga anayetoa nyoka. Ndani mna koti nene kama godoro la mtoto. Akakuvalisha yeye mwenyewe, uani, kwenye jua la saa nane, na wewe ukawa unatoka jasho kwa ajili ya baridi ya Wajerumani.

"Batu ba Mungu," akasema, "huyu mutoto ni wetu sisi bote. Hawezi kufika Ulaya na mufuko wa mitumba, wa kaguwa, kama mukimbizi. Kila mwezi nitamutumia kitu kidogo. Hapana deni! Akimaliza, akirudi, atatusinyia tu makaratasi ya maboti yetu. Ni sinyatiri tu, mwanangu. Kalamu haina kilo."

Makofi. Vigelegele. Mama yako mwenyewe alipiga vigelegele, nimemsikia, nimemsamehe. Na wewe ukasema: "Merci, Patron. Nitafikiria."

Maneno yale, kwamba kitu fulani hakina kilo, si mara ya kwanza nayasikia kutoka mdomo ule. Habari hiyo unaijua nusu. Mji wote unaijua nusu, ndiyo maana wananiita Papa Matela, baba wa magodoro, mpaka leo, na wewe ulirudi kutoka shule ya msingi na pua inatoka damu kwa kupigania jina la babako. Nusu wanayoijua ni ile ya kuchekesha. Wape hiyo. Wewe chukua ingine.

Nilikuwa kapiteni wa boti la Patron Deo, lile kubwa la mbao lenye paa, lililokuwa linatoka hapa chini kwenda kisiwani Idjwi. Masomo yangu unayajua. Nilitoka shule darasa la nne, pale kugawanya kulipoanza kuacha mabaki, na mabaki yale yananifuata tangu siku hiyo. Ziwa nilijifunza kwa kupigwa na ziwa. Patron alinipa kofia nyeupe yenye nanga mbele, na nakuambia kweli, kofia ile niliipenda kuliko nilivyowapenda ndugu zangu wengine.

Ilikuwa wakati wa kufungua shule. Unajua wakati huo: kila mtoto wa bweni lazima aende na matela yake, na wafanyabiashara wanageuka wendawazimu. Lori lilikuja kutoka Kigali limejaa matela za sponji. Mihogo na maharage tulikuwa tumeshaweka chini. Abiria wamekaa. Nikamuuliza Patron, hizi matela tuziweke wapi?

"Juu ya paa," akasema.

"Zote?"

"Papa, matela haina kilo! Angaliya." Akainua moja kwa mkono mmoja, akaizungusha kichwani kama kofia, batu bakacheka, na miye nikacheka. Tukapandisha. Tulipanga mpaka boti likawa kama keki ya arusi. Ni kweli, kila moja ilikuwa nyepesi. Mimi mwenyewe nilizirusha huku napiga mluzi.

Sasa sikiliza jambo ambalo hakuna anayeliimba mjini. Boti lililopakiwa vizuri, likiinama, linarudi upesi, kama mtu aliyetukanwa. Boti lililobebeshwa juu, likiinama, linakaa huko huko kidogo. Linafikiri. Halafu ndiyo linarudi, polepole, bila furaha. Tulipotoka tu bandarini, kiwimbi cha mtumbwi fulani kikatugusa, boti likainama, likafikiri. Nyayo zangu zilisikia. Hakuna darasa la nne katika nyayo, nyayo zilielewa. Na Patron alikuwa bado amesimama ukingoni, mikono kiunoni, anatuangalia. Nikaona haya kurudi. Ningemwambia nini? Kwamba naogopa sponji? Nikasukuma moteri.

Mvua ilitukuta kabla hatujafika mbali, ile mvua ya kwetu inayoshuka mlimani kwa kelele kama watoto wametoka shuleni. Matela za chini zilikuwa bado na nailoni zake. Za juu kamba zilikuwa zimeshachana nailoni. Zikaanza kunywa. Nsimire, sponji inakunywa kuliko mjomba wako. Na mvua ilikuwa inapiga upande mmoja, basi abiria, kama binadamu yeyote mwenye akili, wakahamia upande mwingine wasilowe. Nikapiga kelele, "Rudini! Rudini!" Mwanamke mmoja akanijibu, "Njoo ulowe weye!" Alikuwa na haki. Boti likainama, likafikiri, na safari hii likafikiri moja kwa moja.

Tulikuwa karibu na nchi kavu. Batu waliosimama ufukweni walituona, wakacheka kwanza, maana matela zile zilianguka majini kama mikate. Halafu mitumbwi ikaja. Hapo ndipo ninaporudi mpaka leo, nikiwa naoga, nikiwa nakula, bila sababu. Mitumbwi ilikuja, na ilianza na matela. Zile zenye nailoni zilikuwa zinaelea vizuri, kavu, mpya. Nilifika kwenye mtumbwi mmoja, nikashika ukingo wake, kijana mmoja akaniangalia usoni bila ubaya wowote, akaniambia: "Ngoja kidogo, Papa, nimalize hii matela."

Nilingoja. Ungefanya nini?

Wengi tulitoka. Maman Faida wa Giheke hakutoka. Alikuwa muuza unga wa mihogo, mnene, mcheshi, alizoea kuniita "bwana wangu wa majini" ili mama yako akasirike. Asubuhi ile aliniuliza akae wapi, na ni mimi niliyemwonyesha: "Kaa hapa, Maman, hapa hutalowa."

Patron Deo alitoa ng'ombe wa matanga. Alitoa jeneza lenye vishikio vya dhahabu ya uongo. Kanisani walisimama wakamshukuru, na pasta, yule yule wa leo, alisema Mungu ampatie mara mia. Sikusikia mtu aliyeuliza habari ya paa. Miye pia sikuuliza. Nilikula nyama ile. Ilikuwa laini.

Lakini boti lilikuwa na karatasi ya kusema limepimwa. Hilo ndilo lilinitoa nyumbani wiki ya pili, nikaenda kumtafuta Anjinia Fabrisi. Wewe unamjua kama yule mzee-kijana anayekunywa peke yake nyuma ya parking ya mabasi. Wakati huo alikuwa anavaa tai. Alikuwa mtoto wa hapa hapa, yatima, mwenye akili kali kama yako, na aliyemsomesha nje ni Patron Deo. Aliporudi, karatasi za maboti alizisinya kwenye baa, kati ya brosheti na bia, mpaka mafuta ya mbuzi yakagusa muhuri. Nikamkuta hapo hapo.

"Fabrisi, boti letu ulilipima lini?"

"Papa, tafazali."

"Sikugombezi. Nauliza tu. Ulilipima lini?"

Akasukuma chupa yake kando. Halafu akasema: "Nilitaka kulipima. Nilimwambia, Patron, niende nikaliangalie kwanza. Akanicheka. Akasema, mwanangu, kwani unanizania mwizi? Ningejibu nini? Hata hivi viatu..." Akaviangalia viatu vyake, na miye nikaviangalia. Vilikuwa viatu vizuri. "Niliona haya, Papa."

Nilikwenda kule na rungu la maneno, nikarudi nalo mkononi. Fabrisi hakuhongwa. Muntu aliyehongwa unaweza kumpeleka mahakamani. Huyu alilelewa. Alilelewa kidogo kidogo, soksi, kitabu, nauli, na hata yeye hawezi kukuonyesha siku aliyoanza kusema ndiyo. Na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake namhukumu, kofia ya Patron kichwani.

Kofia niliitupa chooni. Mama yako anajua, alinigombeza kwamba imeziba choo.

Tangu hapo naziba nyufa za mitumbwi ya batu, na nikiinua macho naona maboti ya Patron Deo yakipita. Sasa yana rangi mpya, na msalaba mbele. Majile ya kuvaa boti likizama yamefungiwa kufuli yasichafuke. Na kila shule zikikaribia kufunguliwa, juu ya paa, matela. Uliza utaambiwa: hazina kilo. Natema mate majini. Samaki wa upande huu wananijua.

Ndiyo maana siku ile uliponionyesha chuo chako kwenye simu nilicheka mpaka nikatoa machozi, na wewe ukamwambia mama yako, "Papa amefurahi." Unakumbuka? Ulinieleza kwamba zamani ilikuwa shule ndogo ya manahodha katika mji wa bandari, wanafundishwa nyota na upepo, na sasa imekua, ina mashine, ina kompyuta, ina mambo ya umeme wa upepo, lakini bado inatoa batu wa meli. Halafu ukanionyesha kile chumba.

"Papa, angaliya. Madirisha yote ni ekrani, kama televisheni. Wanakuletea tufani, wanakuletea ukungu, wanakubadilishia mizigo. Ukikosea, unazama."

"Unazama, halafu?"

"Halafu mwalimu anawasha taa, mnaongea mahali ulipokosea."

"Na abiria?"

"Hakuna abiria, Papa. Ni masomo."

Mwanangu, haikuwa furaha. Ilikuwa wivu, tena wivu unaonuka. Kumbe kuna mahali duniani muntu anaweza kupindua boti saa nne na saa sita akala viazi! Kuna mahali mwalimu anakuuliza, "Kwa nini hukurudi nyayo zako ziliposikia?" na hakuna marehemu aliyelala kwenye majani ya mgomba akikungojea ujibu. Mimi ningezama katika chumba kile kila juma. Ningetoka mkavu, mwenye aibu, na pengine mwenye akili.

Basi zama. Hilo ndilo naweza kukuambia kuhusu masomo, na usimwonyeshe mama yako. Zama huko mara nyingi, mbele ya batoto ba Wajerumani, wakuone umekosea, wacheke kwa lugha yao. Usiwe yule mwanafunzi mzuri anayepita pembeni ya mawimbi ili apate alama. Aibu ya chumba kile ni bei rahisi kabisa. Mimi nilikimbia aibu ndogo ya kurudi bandarini mbele ya Patron, na unajua nilikokimbilia.

Soksi, maombi na wanaume mama yako ameshakueleza. Sina cha kuongeza, hasa kwenye soksi.

Turudi kwa sanduku.

Ulipendeza ndani ya koti lile, na hiyo ndiyo inanikera zaidi. Ulijigeuza kidogo, hukujua nakuona, ukashika kola. Una miaka ya kupenda kola. Na lile la kaguwa alilokununulia mama yako Bukavu limekosa kifungo kimoja na linanuka mbwa wa muntu tusiyemjua. Ni kweli. Lakini mbwa yule hatakuja siku moja kukuambia, sinya hapa.

Ufadhili wako unakutosha chumba na chakula, umeniambia mwenyewe. Kwa hiyo hatusemi habari ya njaa. Kama ingekuwa njaa, ningekuambia kula kwa Patron, utapike baadaye. Tunasema habari ya kitu kingine: unakwenda kusoma jinsi ya kupima meli, ujue itasimama au itapinduka. Katika mji huu wote, pande zote mbili za daraja, hatuna muntu anayeweza kusimama ufukweni, akatazama boti, akasema "hapana, shusheni," na akawa na karatasi ya kumzuia yeyote asimcheke. Tunaye wewe, kama utarudi una mdomo. Patron Deo si mjinga. Aliliona hilo kabla yetu. Ndiyo maana amekuja na koti sasa, wakati wewe bado ni mwepesi kubeba.

Sisemi ni shetani. Ananisalimia vizuri, anakumbuka goti langu. Leo aliponipa mkono alisema, "Papa, tumetoka mbali." Anaamini kabisa kwamba alinipenda. Na pengine wewe utakuwa na nguvu kuliko sisi, utavaa koti lake miaka yote hiyo, urudi, umwangalie machoni, umwambie boti lako halitoki. Inawezekana. Fabrisi alifikiri hivyo. Mimi na kofia yangu hatukufikiri chochote.

Lakini ulisema "nitafikiria", na neno hilo lilinigusa nyayo.

Nilitaka kulitupa sanduku mimi mwenyewe. Niliwaza. Nililiburuta mpaka mlangoni wakati mnaosha sahani. Magurudumu yale yanalia kama panya, nikaogopa mama yako, nikalirudisha. Halafu nikaona pia ni vibaya kwa sababu nyingine. Nikimrudishia mimi, Patron atakuwa amekataliwa na Papa Matela, mzee mwenye kinyongo, na wewe utabaki yule mtoto mzuri ambaye angekubali. Ile "hapana" lazima itoke kwako, hata kama itatoka na sauti ndogo, hata kama shangazi zako watasema umeharibika kabla ya kupanda ndege.

Asubuhi, kabla jua halijatoka, Patron atakuja na jeep yake kukupeleka parking ya Kamembe. Ameshawaambia wote, atapiga honi ili majirani waamke waone. Mama yako atapanda, amefua kitenge kwa ajili hiyo. Ukipanda na wewe, panda. Nitapunga mkono, na nitakuandikia, na hutanisikia nikilisema jambo hili tena. Umekuwa mtu mzima, na kinyongo cha mzee si mzigo wa kupeleka Ulaya.

Miye sitapanda. Nitakwenda kwa miguu. Kilima cha hapa mpaka Kamembe unakijua, na goti langu unalijua, kwa hiyo lazima nitangulie, kabla honi haijapigwa. Nimeshatoa ule mfuko wako wa kaguwa, nimeufuta vumbi, nimeuweka karibu na mlango wa nyuma. Ni mtupu. Sikutia kitu ndani.

Ukitaka, hamisha nguo zako. Sanduku liache katikati ya sebule, wazi, koti limekunjwa vizuri juu, alione yeye mwenyewe akiingia. Mama yako nitamwamsha mimi, tusi lake nitalipokea mimi, nimezoea. Kisha njoo nje. Usinieleze chochote. Shika mkono mmoja wa mfuko, mimi nishike mwingine, tupande kilima polepole, na tukifika kwenye ule mpindo ambapo magari yote yanapunguza mwendo, na jeep ikatupita au ikasimama, wewe ndiye utakayesema.

Niko kwenye ngazi ya nyuma, nimeshavaa viatu.

Babako